Upana wa tairi kwenye magurudumu ya aero (ya kupasua upepo) ya triathloni: maswali yanayoulizwa kila siku Arusha na Moshi

Kila msimu wa mashindano ya triathloni (kuogelea, baiskeli, kukimbia) ukikaribia simu yangu inajaa maswali yale yale, nifunge tairi la 25 au 28 (upana kwa milimita), PSI ngapi (msukumo wa upepo ndani ya tairi), mbona jamaa wa Ulaya anasema hivi na fundi wa sokoni Kilombero anasema vile. Nimeona niyaweke yote hapa, maana nayajibu usiku kwenye WhatsApp mpaka macho yanauma na kesho yake anakuja mwingine na swali lile lile. Nimeandika kwa ajili ya watu wanaofanya mazoezi kwenye barabara zetu, kwahiyo usishangae ukikuta matuta na miiba ya migunga imo humu.

Nipe jibu la haraka, sina muda wa kusoma yote

Kama ringi zako ni za kisasa, upana wa nje mm 28 mpaka 30, nyuma funga 28 na usiwaze. Mbele funga tairi ambalo likishajazwa upepo halizidi upana wa ringi, mara nyingi itakuwa 25 au 28 kutegemea na ringi yenyewe. Kama ringi ni za zamani, zile nyembamba za nje mm 23 hivi, mbele 23, nyuma 25. Ila ukiweza soma na yaliyobaki, kwasababu namba iliyoandikwa kwenye tairi siyo upana utakaoupata, na hapo ndo wengi wanapotea.

Kwani tairi na upepo vinahusianaje? Si ringi ndo aero?

Ringi peke yake haifanyi kitu. Fikiria gurudumu la mbele linavyopasua upepo, kitu cha kwanza kukutana na upepo ni tairi, siyo ringi. Upepo unagonga tairi, unagawanyika kulia na kushoto, na tunachotaka ni ule upepo ushike ubavu wa ringi na kuteleza nao mpaka mwisho bila kuachia. Sasa tairi likiwa nono kuliko ringi linakuwa na umbo la balbu, upepo ukitoka kwenye unene wa tairi unakuta chini pembamba, unaachia, unavurugika, na ule mvurugiko nyuma yake ndo unakuvuta. Hapo umelipa hela ya ringi ya kaboni ya kimo cha mm 60 halafu inafanya kazi kama ringi ya kawaida.

Kuna kanuni moja maarufu inaitwa kanuni ya 105, ilitoka kwa Josh Poertner enzi zile yuko Zipp, kampuni ya magurudumu, kabla hajaenda Silca, kampuni ya pampu. Inasema upana wa nje wa ringi uwe angalau asilimia 105 ya upana wa tairi, yani ringi izidi tairi kidogo. Hesabu yake rahisi, chukua upana wa ringi gawanya kwa 1.05. Ringi ya mm 28 inakupa tairi lisilozidi mm 26.6, ringi ya mm 30 inakupa 28.5, ringi ya mm 32 inakupa 30.4. Siyo ukuta kwamba ukivuka nusu milimita unakufa, ni mwongozo, na una maana zaidi upepo ukija kwa pembeni kidogo. Upepo wa mbele moja kwa moja tofauti inakuwa ndogo.

Nimenunua tairi 25 lakini nikipima inatoka 27, nimeuziwa feki?

Hapana. Hili swali nalipenda kuliko yote maana likieleweka mengine yote yanakuwa mepesi.

Namba ya kwenye tairi, mfano 25-622, ile 622 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi kwa milimita, na 25 ni upana tairi likifungwa kwenye ringi ya kipimo fulani cha majaribio. Ukilifunga kwenye ringi yenye upana wa ndani mkubwa zaidi, kingo za tairi zinaachana, tairi linapanuka. Kwa makadirio, kila milimita moja inayoongezeka ndani ya ringi inakuongezea kama mm 0.4 kwenye tairi. Ringi za zamani ndani zilikuwa 13 mpaka 15, siku hizi 21, 23, mpaka 25, ndo maana 25 yako imekuwa 27.

Kwahiyo pima mwenyewe. Nenda kwa mtu yeyote mwenye vernia (kifaa cha kupimia milimita), mafundi wa kuchonga vyuma wanazo, au kaazime kwenye karakana ya chuo. Funga tairi, jaza upepo ule utakaotumia siku ya mashindano, liache mpaka kesho yake maana tairi jipya linaendelea kutanuka, halafu pima sehemu tatu tofauti. Pima na ringi kwa nje pale iliponenepa zaidi. Hizo ndo namba zako, andika kwa maka peni kwenye ukuta wa stoo, namba ya kwenye boksi sahau.

Lakini si tairi jembamba ndo linakimbia? Wazee wetu wote walitumia 21 na 23

Walitumia, na walijaza mpaka PSI 120 tairi linalia kama chuma, wakaamini ndo speed. Tairi jembamba lenye upepo mwingi linakupa hisia ya kukimbia kwasababu linatetema, mwili unaona mtetemo ni mwendo. Kumbe kwenye lami ambayo siyo kioo kila kajiwe kanakurusha wewe na baiskeli juu kidogo, na ile nguvu ya kukurusha juu imetoka kwenye miguu yako. Tairi pana lenye upepo wa wastani linameza kajiwe, wewe unaendelea mbele.

Na kwa PSI ile ile, tairi pana linaviringika kirahisi kuliko jembamba, maana pale linapogusa barabara panakuwa pafupi na papana badala ya parefu na pembamba, mpira unajikunja kidogo. Wakiwekwa kila mmoja na upepo unaomfaa tofauti inapungua sana, wanakaribia kulingana, ila pana linabaki na faida ya kukutunza mgongo na mikono. Kwenye km 90 unaweza usione. Kwenye km 180 halafu ukashuka ukimbie marathoni utaona.

Sasa sikia hili, hili ni kubwa kuliko milimita zote. Aina ya tairi. Chukua mtu na baiskeli yake jumla kilo 85, anaenda km 35 kwa saa. Tairi zuri la mashindano lenye kipimo cha ukinzani wa kuviringika 0.003 linamla kama wati 24 za nguvu ya miguu kwa magurudumu yote mawili. Tairi gumu la mazoezi lenye 0.005 linamla wati 40. Wati 16 zimepotea na hajui, huku amekaa mwezi mzima anabishana kuhusu 25 na 28 ambazo tofauti yake ni wati chache tu. Mimi nimeshaona mtu ana magurudumu ya mamilioni amefunga tairi la mazoezi lililochakaa, roho iliniuma kweli.

Mbele na nyuma lazima vifanane?

Si lazima kabisa. Mbele ndo kunakutana na upepo msafi, kwahiyo kanuni ya 105 iheshimu mbele. Nyuma upepo umeshavurugwa na miguu, fremu na chupa za maji, faida ya kubana milimita ni ndogo, wakati nyuma ndo kunagonga mashimo ambayo mbele uliyakwepa. Mbele 25 nyuma 28 ni mpangilio mzuri sana kwa ringi za mm 27 au 28. Kama ringi zako ni za mm 30 na kuendelea, funga 28 zote mbili, maisha yaendelee.

PSI ngapi?

Inategemea uzito wako, upana wa tairi uliopima, na barabara. Naweka pa kuanzia tu. Mtu wa kilo 70, tairi linalopima mm 28, lami nzuri, nyuma kama 70, mbele pungufu 2 au 3. Tairi linalopima 25 au 26, anzia 80 mpaka 85. Ukiwa mzito panda kidogo, ukiwa mwepesi shuka. Kwenye baiskeli ya triathloni ukilala kwenye mikono ya mbele ya usukani uzito unahamia mbele, kwahiyo tofauti ya mbele na nyuma inakuwa ndogo kuliko baiskeli ya kawaida ya mashindano, usimwige jamaa wa mbio za barabarani anayepunguza PSI 8 mbele.

Kutoka hapo jaribu mwenyewe. Chagua kipande unachokijua, mfano ile bypass ya Arusha, au kwa watu wa Moshi njia ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC ambayo ni tambarare. Nenda rudi, punguza PSI 5, nenda rudi tena. Ukisikia gurudumu linagonga chini kwenye mkato wa lami umeshuka sana. Ukisikia meno yanatetema umepanda sana. Ukikosea upande mmoja, bora ukosee kwa upepo kupungua kidogo, maana ukizidisha kwenye lami mbovu adhabu inapanda haraka kuliko ukipunguza.

Halafu kuna mambo mawili ambayo watu wa kwetu huku milimani tunayasahau. La kwanza, Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Ukijaza 70 hapa ukashuka Tanga au Dar bila kugusa chochote, pampu itasoma kama 68 hivi, kwasababu hewa ya nje kule inakandamiza zaidi. Siyo kwamba tairi linavuja, ni hewa ya nje imebadilika, jaza upya ukifika. La pili ni jua. Umejaza 70 alfajiri kwenye nyuzi 15, baiskeli ikasimama juani eneo la kubadilishia mpaka hewa ya ndani ya tairi ikafika nyuzi 35, sasa una karibu 76. Mtu mwenye ringi zenye kikomo hapo ameshavuka kikomo amesimama tu, hajapiga hata pedeli moja.

Kikomo kipi hicho? Ringi zangu wanasema hazina ndoano

Sawa, hapa naomba usome taratibu. Ringi za kawaida kwa ndani zina kijino kinachokumbatia ukingo wa tairi. Ringi zisizo na ndoano ukingo wake umenyooka tu, tairi linashikwa na kubana kwake lenyewe. Kwa hizo kikomo ni baa 5, yani PSI 72.5, na tairi lazima liwe la tyublesi (lisilohitaji tyubu ndani) lililoandikwa kwamba linafaa kwa ringi hizo. Siyo ushauri, ni sheria ya viwango. Februari 2024 kwenye mbio za UAE Tour tairi la Thomas De Gendt, mwendesha baiskeli wa kulipwa, lilitoka kwenye ringi ya namna hiyo, dunia nzima ya baiskeli ikaanza kubishana, na viwango vikaanza kuangaliwa upya.

Maana yake kwetu ni nini. Kama hesabu yako inakuambia unahitaji PSI 80 kwenye 25, basi 25 siyo yako kwenye ringi hiyo, panda 28 au 30 mpaka hesabu ishuke chini ya kikomo. Na usifunge tairi jembamba kwenye ringi pana ndani, ringi ya ndani mm 25 na tairi 25 hapana, hata kama kanuni ya 105 inafurahi. Soma kikaratasi cha ringi, angalia saizi ya chini wanayoruhusu, ifuate. Ukinunua ringi za mkononi bila kikaratasi pitisha kidole kwa ndani ya ukingo, kijino utakisikia, usipokisikia rudi usome tena aya ya juu.

Tyubu ya kawaida, lateksi au tyublesi?

Kwa mazoezi ya huku, tyublesi na dawa ya pancha ndani, sibishani na mtu. Miiba ya migunga kuanzia Kisongo kwenda Makuyuni haina huruma, dawa inaziba tundu dogo unaendelea na safari hujui hata kama ulichomwa. Ila dawa inakauka, na kwa joto letu inakauka mapema, angalia kila baada ya miezi miwili. Dawa iliyokauka ni uzito tu unaozunguka.

Lateksi, yani tyubu ya mpira laini, inaviringika vizuri kuliko tyubu ya kawaida, unapata wati kadhaa kwa hela ndogo, ni njia nzuri kwa mwenye ringi za ndoano asiyetaka usumbufu wa tyublesi. Inapoteza upepo haraka, ukijaza jioni asubuhi umeshuka sana, kwahiyo jaza asubuhi ya mashindano. Na kama ringi zako ni za kaboni na breki zinabana kwenye ringi yenyewe, usitumie lateksi kwenye miteremko mirefu. Kutoka Marangu mpaka Himo unabana breki muda mrefu, ringi inapata moto, lateksi inapasuka. Kwa breki za diski hiyo shida haipo.

Zipo pia tyubu za TPU, aina ya plastiki, nyepesi, zinakunjika ndogo kama kiberiti, mimi naibeba moja kama akiba kwenye mfuko. Hakikisha valvu yake ni ndefu kuliko kimo cha ringi! Nilikwama Kikatiti na ringi ya mm 80 na tyubu ya valvu fupi, nikiangalia tu kale kavalvu kamezama ndani ya ringi, mpaka mama mmoja muuza ndizi akanipigia simu kwa kijana wake wa bodaboda akanirudisha Usa River. Sasa kirefusho cha valvu kinakaa kwenye mfuko saa zote.

Huku milimani hewa ni nyepesi, bado aero ina maana?

Ina maana, imepungua kidogo tu. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko pwani, Moshi kwasababu iko chini kidogo ni kama asilimia 8. Mtu anayehitaji wati 157 kupasua upepo kwa km 35 kwa saa pale Tanga, kwa Arusha atahitaji kama 137. Bado upepo ndo unakula sehemu kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye tambarare. Lakini ona kitu kimoja, ukinzani wa tairi haujali mwinuko, uko pale pale. Kwahiyo ukiwa Arusha, au ukienda Rubavu kwenye Ironman 70.3 (nusu ya Ironman) ya Rwanda pale Ziwa Kivu ambapo mwinuko unafanana na wetu, mzani unasogea kidogo upande wa tairi zuri na PSI sahihi. Ukienda kushindana Gqeberha kule Afrika Kusini, uko usawa wa bahari na pepo zake zinajulikana, hapo rudi kwenye kanuni ya 105 kwa ukali zaidi.

Upepo wa pembeni pale KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) unanitupa, nipunguze upana wa tairi?

Kinachokutupa ni kimo cha ringi ya mbele, tairi linachangia kidogo. Kile kipande cha kutoka njia panda ya KIA mpaka Bomang'ombe kiko wazi kabisa, lori likikupita linakukinga upepo sekunde moja halafu linakuachia wote kwa mkupuo. Kama wewe ni mwepesi weka ringi ya mbele ya kimo cha 40 au 50, nyuma weka hata 80. Tairi linalolingana vizuri na ringi linasaidia usukani utulie maana upepo hauachii ghafla. Kule Kona, Hawaii, kwa miaka mingi walipiga marufuku gurudumu la diski, lile lililozibwa lote, kwenye Ironman kwasababu ya upepo, kwahiyo usione aibu kushusha kimo.

Fremu yangu ni ya zamani, 28 itaingia?

Pima kabla ya kununua. Baiskeli nyingi za triathloni zinazofika huku za mkononi ni za breki za kwenye ringi, na fremu nyingine kama Cervélo P3 zile za zamani bomba la nyuma limekatwa kufuata gurudumu, nafasi ni ndogo sana. Angalia sehemu nne, chini ya breki, kati ya uma wa mbele, kwenye bomba la kiti na pale nyuma karibu na pedeli. Acha angalau mm 4 kila upande, maana ukipita kwenye vumbi la moram kajiwe kakinata kwenye tairi kanasaga kaboni kama msasa. Kama 25 ndo mwisho wake, funga 25 nzuri, jaza vizuri, kimbia. Usisage fremu kwa tupa, tafadhali, nimeletewa moja imesagwa na sikuweza kufanya chochote.

Nifanyie mazoezi matairi ya mashindano?

Mara mbili tatu tu kabla ya siku yenyewe, ili ujue yanavyokata kona na uhakikishe hayavuji. Siku nyingine tumia tairi gumu, matuta ya Tengeru na rasta za Usa River zinamaliza mpira haraka na tairi za mashindano bei yake unaijua. Mazoezini funga hata 30 au 32 kama fremu inaruhusu, hakuna anayekupa medali kwa kuteseka Jumamosi asubuhi.

Nimebadilisha kutoka 25 kwenda 28 na sasa kompyuta ya baiskeli inaonesha km pungufu

Kama inasoma kwa sensa ya gurudumu, mzunguko umebadilika. 700x25 ni kama mm 2,105, 700x28 ni kama mm 2,136. Ingia kwenye mipangilio ubadilishe hiyo namba. Au chora alama kwenye tairi kwa chaki, panda baiskeli, viringisha mzunguko mmoja sakafuni, pima kwa futi kamba, andika namba uliyoipata.